Wafrimasoni na baa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninaposema kwamba Ufrimasoni ulikulia kwenye baa, katika vyumba vya juu vya kukodi huku chini wateja wakinywa bia yao, hukatizwa kabla sijamaliza. Watu wetu wamezoea kuusikia ukitajwa pamoja na majoka, damu na utajiri wa ghafla. Mimi nimehudumu kwenye baa za London miaka mingi. Nimepanga viti na kufagia vyumba vya juu mara zisizohesabika, na historia hii naiona ni ya watu wa kazi yangu pia: wenye baa, wahudumu na wabeba sahani. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

Loji ni nini? Mbona kwetu loji ni mahali pa kulala?

Kwetu, ukimwuliza bodaboda loji iko wapi, atakupeleka gesti. Kwa Wafrimasoni, loji ni kikundi cha wanachama wanaokutana pamoja, chenye jina, namba na viongozi wake. Chumba wanachokutania nacho huitwa loji.

Neno hilo lilitokana na kibanda cha waashi wa mawe. Zamani Ulaya, kanisa kubwa au ngome ilijengwa kwa miaka mingi, na kando ya ujenzi palikuwa na kibanda ambamo mafundi walichonga mawe, walitunza vifaa, walikula na kumfundisha mwanagenzi kazi. Frimasoni maana yake ni mwashi huru. Loji ya waashi ya Edinburgh, Scotland, ina kumbukumbu za vikao zinazoanzia Julai 1599. Polepole watu ambao hawajawahi kushika patasi wakaanza kupokewa: mabwana wenye mashamba, askari, wasomi. Elias Ashmole, msomi wa Kiingereza, aliandika katika shajara yake kwamba alipokewa kuwa Frimasoni mjini Warrington tarehe 16 Oktoba 1646.

Ni kweli kwamba Ufrimasoni ulianzia baa?

Loji zilikuwapo kabla ya hapo, kama nilivyosema. Kilichozaliwa baa ni uongozi wa pamoja, Loji Kuu ya kwanza duniani, na ndiyo iliyoufanya Ufrimasoni tunaoujua leo.

Tarehe 24 Juni 1717, sikukuu ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji, loji nne za London zilikutana kwenye baa iliyoitwa Goose and Gridiron, kwenye uwanja wa kanisa kuu la St Paul's. Kibao chake kilichorwa bata bukini na wavu wa kuchomea nyama. Walikula chakula cha pamoja na kumchagua Anthony Sayer kuwa Mkuu wao. Wasaidizi wake wawili walikuwa Jacob Lamball, seremala, na kapteni mmoja aliyeitwa Joseph Elliot. Seremala na kapteni katika meza moja: watu wa aina hiyo mwaka 1717 hawakukaa pamoja kirahisi mahali pengine popote isipokuwa kanisani, na hata kanisani kila mmoja alikuwa na benchi la hadhi yake.

Habari hiyo tunaipata kwa James Anderson, mchungaji kutoka Scotland, ambaye aliiandika mwaka 1738, miaka 21 baadaye. Ndiyo maana baadhi ya wanahistoria wa siku hizi wanaitilia shaka tarehe hiyo na kusema Loji Kuu ilisimama hasa mwaka 1721. Kuhusu mahali, hata wanaobishana juu ya mwaka wanakubaliana kwamba maisha ya loji wakati huo yalikuwa kwenye baa.

Na desturi yenyewe ilikuwa ya zamani zaidi. Ashmole huyohuyo, miaka 35 baada ya kupokewa, alialikwa tena kwenye mkutano wa waashi London. Anaandika kwamba tarehe 11 Machi 1682, baada ya shughuli, wote walikwenda kula kwenye baa ya Half Moon huko Cheapside, chakula cha heshima, na gharama zililipwa na wanachama wapya waliopokewa siku hiyo.

Hizo loji nne zilikutana wapi? Baa hizo bado zipo?

Moja ilikuwa hapohapo Goose and Gridiron. Ya pili ilikutana Crown, karibu na Drury Lane; ya tatu Apple Tree, Covent Garden; ya nne Rummer and Grapes, Westminster. Hii ya nne ndiyo iliyokuwa na wakubwa, na ndiko walikokuwa Anderson na mwanasayansi John Theophilus Desaguliers. Majengo hayo hayapo tena. Goose and Gridiron ilibomolewa mwishoni mwa karne ya 19. Lakini loji tatu kati ya hizo nne ziko hai hadi leo kwa majina mengine. Ile ya Goose and Gridiron sasa inaitwa Lodge of Antiquity, namba 2.

Kwa nini baa? Kwa nini wasikutane nyumbani kwa mtu?

Fikiria London ya mwaka 1720. Hakuna ukumbi wa kata, hakuna hoteli yenye vyumba vya mikutano, na nyumba ya fundi wa kawaida ni chumba kimoja au viwili anamolala na mke, watoto na pengine mwanagenzi. Ukitaka watu 20 wakae pamoja jioni, wenye taa, moto wa kuota na chakula cha moto, unakwenda kwa mwenye baa. Yeye ana chumba kikubwa ghorofani, ana jiko, ana mtu wa kupandisha sahani. Mara nyingi chumba alikitoa kwa bei ndogo au bure kabisa, kwa sababu faida yake ilikuwa kwenye chakula na vinywaji. Hesabu hiyo haijabadilika. Baa nilizofanyia kazi zimetoa vyumba vya juu kwa namna hiyohiyo: kwaya ya mtaa, wacheza chesi, chama cha wapangaji, na mwisho wa jioni bosi anaangalia kaunta iliuza kiasi gani.

Wafrimasoni hawakuwa peke yao. Karne ya 18 London ilikuwa mji wa vyama: vyama vya kuimba, vya mijadala, vya wanasayansi, vya kusaidiana ugonjwa na msiba kama vyama vyetu vya kufa na kuzikana. Vingi vyao vilikutana kwenye baa au kwenye mikahawa ya kahawa. Loji nyingine nazo zilikutana kwenye mikahawa ya kahawa.

Ni vizuri pia kujua kwamba "baa" hapa ni neno la jumla. Waingereza wa wakati ule walitofautisha aina tatu. Kulikuwa na nyumba ya bia, ya watu wa kawaida. Kulikuwa na nyumba ya mvinyo na chakula kizuri, ya wenye nazo. Na kulikuwa na nyumba ya wageni yenye vitanda na zizi la farasi. Goose and Gridiron ilihesabiwa katika aina ya kwanza. Wanaosema Ufrimasoni ulianzishwa na matajiri ili kuutawala ulimwengu wangeanza kwa kueleza kwa nini matajiri hao walikwenda nyumba ya bia.

Siri ingewezekanaje ndani ya baa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, maana jibu lake linafungua nusu ya mambo yanayowatisha watu.

Ukiwa umekodi chumba cha mtu, huwezi kukijenga upya. Kesho yake asubuhi chumba hichohicho kitakuwa na harusi au wafanyabiashara wa sufu. Kwa hiyo kila kitu cha loji kilipaswa kuwekwa jioni na kuondolewa usiku uleule.

Kwanza mlango. Alisimamishwa mwanachama nje, upanga mkononi, kuzuia asiyehusika asiingie. Kwenye baa hilo halikuwa igizo: kila dakika kuna mlevi anayetafuta choo akapotea njia, au mhudumu anayepanda na jagi la bia bila kubisha. Mlinzi huyo yupo hadi leo katika kila loji, na upanga wake, ingawa sasa anasimama kwenye korido tulivu ya jengo lao wenyewe.

Kisha sakafu. Mafundisho ya Wafrimasoni hutolewa kwa alama za kazi ya uashi: pembe mraba, bikari, timazi, nguzo, ngazi. Kwenye jengo lao wangeweza kuzichonga ukutani. Kwenye baa walizichora kwa chaki na mkaa kwenye mbao za sakafu, mchoro mmoja mkubwa, na aliyekuwa akipokewa alizungushwa pembeni yake akielezwa maana ya kila alama. Shughuli ikiisha, ndoo ya maji na tambara vililetwa. Vitabu vya miaka ya 1760 vilivyofichua mambo yao vinasimulia kwamba aliyepiga deki alikuwa ndiye mwanachama mpya mwenyewe. Naiona picha hiyo vizuri sana: mtu wa heshima zake, pengine mwenye wigi la bei mbaya, ameinama na tambara bichi anafuta nyota na ngazi kwenye mbao za baa ili mhudumu asikute kitu asubuhi. Nimefuta sakafu za namna hiyo. Chaki huingia kwenye nyufa za mbao na haitoki kwa mara moja.

Kuchora kila jioni kulichosha, hivyo wengine wakaanza kutumia utepe na misumari, wengine vitambaa vilivyochorwa tayari ambavyo vilikunjwa na kuwekwa kwenye sanduku. Mwishowe zikaja mbao zilizochorwa kwa rangi. Mbao alizochora John Harris kwa loji moja ya London mwaka 1845 ndizo zilizoigwa kote Uingereza. Ukiona leo picha ya ubao wenye nguzo, jua, mwezi na ngazi, na mtu akakuambia ni mchoro wa kuita majini, mwambie ulianza kama chaki kwenye sakafu ya baa.

Kwa hiyo hakuna aliyejua walipo?

Walijulikana. Katika miaka ya 1720 mchongaji John Pine alianza kutoa orodha zilizochapwa za loji zote, na kila loji ilionyeshwa kwa picha ndogo ya kibao cha baa yake: taji, nanga, simba, kengele, kichwa cha farasi. Pembeni paliandikwa mtaa na siku za kukutana. Nyumba za London wakati huo hazikuwa na namba, na si kila mtu alijua kusoma, kwa hiyo kibao ndicho kilichokuwa anwani. Na loji nayo iliitwa kwa jina la kibao. Ikihama baa, inabadili jina, na loji zilihama mara kwa mara, ama kwa kugombana na mwenye nyumba ama kwa kupata jiko bora. Usumbufu huo ndio uliofanya mwaka 1729 loji zipewe namba, na baadaye zikaanza kujichagulia majina ya kudumu.

Mwaka 1799, serikali ya Uingereza ikiogopa mapinduzi kama ya Ufaransa, Bunge lilipiga marufuku vyama vya viapo. Loji ziliachwa ziendelee kwa sharti kwamba kila mwaka zipeleke serikalini majina ya wanachama, kazi zao na mahali wanapokutana. Sheria hiyo ilidumu hadi 1967. Orodha hizo leo ni hazina kwa anayetafuta babu zake.

Walilewa?

Wapo waliolewa, ndiyo. Mchoraji William Hogarth, ambaye mwenyewe alikuwa Frimasoni, alichapisha mwaka 1738 picha ya usiku wa London ambamo mkuu wa loji, aproni bado kiunoni, anaburutwa nyumbani na mlinzi wake wa mlango huku mtu dirishani akimmwagia uchafu wa chungu. Wengi wanaamini huyo mlevi ni hakimu Thomas de Veil, aliyejulikana kwa ukali wake dhidi ya wauza pombe kali.

Kanuni zenyewe zilikuwa wazi. Katiba ya Anderson ya mwaka 1723 inawaruhusu wanachama kufurahi na kukaribishana, lakini inakataza kupita kiasi, inakataza kumlazimisha ndugu ale au anywe kuliko anavyotaka, na inakataza kumzuia anayetaka kuondoka. Inakataza pia mabishano ya dini na siasa mezani. Anayejua baa anajua kwa nini kanuni hizo ziliandikwa pamoja. Nimeona ugomvi mwingi kaunta, na karibu wote ulianza na mtu kulazimishwa raundi moja zaidi, au na mtu kutukaniwa dini au chama chake.

Zile glasi nene za kugonga mezani ni za nini?

Ni glasi fupi zenye kitako cha kioo kinene, kizito kama jiwe la mizani. Ukiishika unahisi uzito wote uko chini. Mtu akinyanyuliwa kinywaji cha heshima, wote hunywa kisha hugonga glasi mezani kwa pamoja, kwa mpigo maalumu, na mlio wake ni kama bunduki za kikosi. Glasi ya kawaida ingevunjika, kwa hiyo watengenezaji wakatengeneza za kuhimili. Kwenye loji za Ufaransa walikwenda mbali zaidi: glasi iliitwa mzinga, na mvinyo mwekundu uliitwa baruti nyekundu. Msomaji wa Nairobi atatabasamu hapa, kwani kwao mzinga ni chupa kubwa ya pombe kali, na hakufundishwa na Mfaransa.

Ni kweli walikuwa na mgawanyiko, na baa nyingine tena?

Ndiyo, na hapa kuna wahamiaji. Tarehe 17 Julai 1751, kwenye baa ya Turk's Head, mtaa wa Greek Street, Soho, loji kadhaa zilianzisha Loji Kuu ya upinzani. Wengi wao walikuwa mafundi na vibarua wa Kiayalandi wanaoishi London, ambao loji za zamani hazikuwapokea vizuri. Katibu wao mwenye nguvu, Laurence Dermott, alikuja kutoka Dublin, alianza kama fundi wa rangi na baadaye akawa mfanyabiashara wa mvinyo. Walijiita Wakale, nao wakawabandika wanachama wa Loji Kuu ya kwanza jina la Wa Kisasa. Jina hilo la pili liliwakaa wenzao hadi leo, ingawa ndio waliokuwa na umri mkubwa. Pande mbili ziliungana tarehe 27 Desemba 1813. Mgeni aliyekataliwa kwenye baa moja akafungua meza yake kwenye baa nyingine: sisi tuliohamia huku tunaijua hadithi hiyo bila kusimuliwa.

Na baa ya Boston iliyopindua serikali?

Hiyo ni Green Dragon. Loji ya St Andrew's ya Boston iliinunua mwaka 1764: ghorofani loji, chini baa. Humo walikutana pia wanaharakati waliopinga kodi za Waingereza, na baadhi ya watu, kama Joseph Warren na Paul Revere, walikuwa katika pande zote mbili. Tarehe 30 Novemba 1773 katibu wa loji aliandika kwamba waliohudhuria ni wachache, kwa kuwa waagizaji wa chai walikuwa wameuchukua muda wa ndugu. Tarehe 16 Desemba, usiku ambao shehena ya chai ilitupwa baharini bandarini, kikao kiliahirishwa tena kwa uchache wa watu.

Watu huichukua kumbukumbu hiyo kama ushahidi kwamba loji ndiyo iliyopanga. Mimi sioni hivyo. Inaonyesha kwamba baadhi ya wanachama walikuwa bandarini badala ya kikaoni, na kwamba jengo moja lilikuwa na milango miwili. Baa ndiyo iliyowakutanisha. Agizo la loji halionekani popote.

Serikali nyingine zilifanyaje?

Ufaransa ilianza na mwenye baa. Ufrimasoni ulifika Paris kama mwaka 1725 kupitia Waingereza waliokutana kwenye nyumba ya chakula mtaa wa Boucheries, upande wa Saint-Germain. Tarehe 10 Septemba 1737 polisi walivamia kikao kwenye baa ya muuza mvinyo aliyeitwa Chapelot. Mabwana waliokuwa na magari ya farasi nje waliondoka salama. Chapelot alipigwa faini ya livre 1,000, na mlango wa baa yake ukazibwa kwa matofali kwa miezi sita. Mwaka uliofuata, 28 Aprili 1738, Papa Clement XII aliwakataza Wakatoliki kujiunga, na katazo hilo la Kanisa Katoliki halijaondolewa.

Naifikiria familia ya Chapelot. Miezi sita bila kuuza, kwa kosa la kukodisha chumba.

Mpira wa miguu unahusika vipi?

Unahusika kwa anwani. Mwaka 1775 Loji Kuu ilinunua nyumba mtaa wa Great Queen Street, London, ikajenga ukumbi wake nyuma, uliofunguliwa mwaka 1776, na upande wa barabarani ukawa baa na mgahawa: Freemasons' Tavern. Ulikuwa ukumbi wa kukodi kwa kila mtu. Wanajiolojia walianzisha chama chao hapo tarehe 13 Novemba 1807. Na Jumatatu tarehe 26 Oktoba 1863 wawakilishi wa klabu za London na viunga vyake walikaa hapo na kuanzisha chama cha mpira cha Uingereza, FA. Katibu wao alikuwa Ebenezer Morley. Walikutana mara sita hadi Desemba, na katika vikao hivyo kuushika mpira na kukimbia nao kukapigwa marufuku, pamoja na kupigana mateke ya miguu. Klabu ya Blackheath ilijitoa kwa kutetea mateke.

Hicho hakikuwa kikao cha Wafrimasoni. Walikodi chumba tu. Basi ukisikiliza watu wa Kariakoo wakibishana kuhusu sheria za mpira Jumapili, mjadala huo ulianzia kwenye meza za baa hiyo. Baa iliyoko Long Acre yenye jina linalofanana nayo huchanganywa na hii mara nyingi, ni nyingine.

Wanawake na Waafrika je?

Katiba ya 1723 ilikataa wanawake, na ilikataa mtu asiye huru. Siikubali hoja kwamba baa ndiyo iliyowazuia wanawake, kwa sababu wanawake wengi wa London waliuza na hata kumiliki baa. Ndio waliopandisha chakula ghorofani. Walizuiwa na wanaume waliokaa mezani. Ufaransa mwaka 1893 ilianzishwa loji ya wanaume na wanawake kwa juhudi za Maria Deraismes, na Uingereza leo kuna loji za wanawake watupu, ingawa Loji Kuu ya zamani bado ni ya wanaume.

Kuhusu Waafrika, mtu wa kumjua ni Prince Hall wa Boston, fundi wa ngozi. Tarehe 6 Machi 1775 yeye na wenzake 14, wote weusi walio huru, walipokewa na loji ya kijeshi ya Kiayalandi iliyokuwa na jeshi la Waingereza. Loji za wazungu wa Boston hazikuwataka. Mwaka 1777 Hall alikuwa miongoni mwa waliotia saini ombi la kukomesha utumwa Massachusetts. Kibali cha African Lodge namba 459 kilitolewa London mwaka 1784. Loji zinazofuata jina lake zimeenea Marekani nzima.

Waliondoka baa lini, na kwa nini?

Polepole, karne yote ya 19. Baada ya muungano wa 1813 shughuli zao ziliwekwa katika utaratibu mmoja, zikadai viti vizito, nguzo na mbao ambazo huwezi kuzibeba kwenye sanduku. Tabaka la kati la enzi za Malkia Victoria likaona aibu kuonekana linaingia baa. Na harakati za kupinga pombe zikapata nguvu, hadi zikaanzishwa loji zisizotumia kileo kabisa. Marekani walikwenda mbali: Loji Kuu za majimbo kadhaa zilikataa kumpokea muuza pombe, na hadi leo loji nyingi huko haziruhusu kileo ndani ya majengo yao. Mtu wa kazi yangu, ambaye babu zake wa kazi waliwapa chumba, jiko na moto, akawa hafai kuingia. Hilo linaniuma, na sioni haja ya kulificha.

Uingereza, chakula cha jioni baada ya kikao kimebaki, na mvinyo wake, na glasi zile nene.

Na huku kwetu Afrika Mashariki?

Ufrimasoni ulikuja na ukoloni wa Waingereza, na Nairobi jengo lao lipo barabara ya Nyerere, si siri. Sir Andy Chande, Mtanzania aliyeongoza mashirika mengi ya umma na aliyefariki mwaka 2017, alikuwa kiongozi wao Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na alizungumza na waandishi wa habari bila kujificha.

Nadhani uvumi wa kwetu una sababu moja kubwa: kule Uingereza, watu wa kawaida waliwafahamu Wafrimasoni kwanza kama majirani wa ghorofani, wanaosikika wakiimba na kugonga meza, wanaoshuka ngazi saa nne usiku wakitafuta kofia zao. Sisi tuliletewa jengo lililokwisha fungwa mlango.

Nimeona tangazo kwenye nguzo ya umeme: jiunge na Frimasoni upate utajiri. Ni kweli?

Ni wizi. Usipige namba hiyo, usitume hela ya "fomu", na ukimjua aliyekwisha kutuma, msaidie akaripoti polisi bila kumcheka. Hakuna loji inayotafuta wanachama kwa nguzo ya umeme wala inayogawa magari.

Na kuhusu utajiri, mrudie Anthony Sayer, yule Mkuu wa kwanza wa mwaka 1717. Aliishiwa. Aliiomba Loji Kuu msaada zaidi ya mara moja, mwaka 1730 akapewa pauni 15. Alipofariki alikuwa mlinzi wa mlango wa loji ya Old King's Arms, jina la baa nyingine tena, akilipwa kusimama nje na upanga.

Naweza kwenda kuona?

Ukiwa London, ndiyo. Jengo la sasa la Great Queen Street lilijengwa kati ya 1927 na 1933 kuwakumbuka wanachama waliokufa Vita Kuu ya Kwanza, na ndani kuna makumbusho ambayo mtu yeyote anaingia bure. Tafuta kabati la glasi. Kisha tazama vitambaa vya sakafu, jinsi mikunjo ilivyokatika pale vilipokuwa vikikunjwa kila usiku kurudishwa sandukuni.